Samaki wa Amana

Mama yangu alikataa kwenda Makka kwa sababu ya samaki watatu. Aliniambia hivyo jioni niliyoingia nyumbani Makorora, begi bado liko begani, hata maji ya kunywa sijapewa. Safari ilikuwa imebaki wiki tatu. Pasi yake ilikuwa tayari, sindano alishachomwa, mjomba wa Pangani ambaye ndiye angemsindikiza alishashona kanzu mbili mpya, na sisi watoto wake tulikuwa tumejinyima muda mrefu ili siku hiyo ifike. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akasema, kwa sauti ileile anayoulizia chumvi, kwamba hawezi kwenda kusimama Arafa na huku mali ya watu iko uani kwake.

Nilicheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki, nikaanza kukasirika, maana mimi hasira zangu haziko mbali. Nimezaliwa na miguu inayowasha. Nimeshaishi miji mitano, nimeshaacha kazi nne, na hata msibani huwa nakaa karibu na mlango. Mama husema nilipokuwa tumboni nilikuwa nahama upande kila mara, akawa hajui alalie ubavu gani. Basi mtu kama mimi, ameomba likizo kwa mbinde aje amfungie mamaye mizigo, anaanza kuambiwa habari za samaki.

Samaki wenyewe walikuwa koi, wale wa mapambo wanaofugwa kwenye mabwawa ya hoteli, wenye ndevu fupi mdomoni kama kambare. Mmoja alikuwa mwekundu mtupu, wa pili wa manjano iliyopauka, na wa tatu mweupe mwenye doa jekundu utosini. Kila mmoja alikuwa ametimiza dhiraa, toka kiwiko cha mkono mpaka ncha ya kidole. Walikaa kwenye birika la uani alilojenga marehemu baba enzi tulipokuwa tukipata maji ya bomba kwa zamu. Ni birika la saruji, urefu wake mtu mmoja aliyelala, kina chake kiunoni. Samaki wa ukubwa ule walistahili bwawa. Wao walikuwa wanafika mwisho wa birika wanageuka, wanafika mwisho wa pili wanageuka, mchana kutwa. Sikuweza kuwatazama muda mrefu. Nikiwatazama, punde najikuta nimeshatoka barabarani.

Walikuja kwetu hivi. Mama alikuwa mpishi wa familia moja yenye nyumba kubwa Raskazone. Uani kwao kulikuwa na bwawa la mawe lenye mashine ya kurusha maji, na samaki wale walikuwa wanaletewa chakula chao cha vidonge kutoka nje. Zaidi ya miaka kumi iliyopita familia ile ikahamia ng'ambo. Siku ya kuondoka, mwenye nyumba, yaani yule mama bosi wake, alimshika mama mkono akamwambia amtunzie samaki wake mpaka atakaporudi. Mama akasema inshallah. Mwezi haukuisha nyumba ikauzwa, na mnunuzi akataka pale penye bwawa paegeshwe magari. Mama akampigia dereva wa familia ile, wakawabeba samaki kwenye ndoo mbili zilizofunikwa kanga, wakaja kuwamwaga birikani kwetu. Wakati huo walikuwa wadogo, wa kujaa kiganja.

Mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilisema hawamalizi wiki.

Walimaliza wiki, wakamaliza mwaka, wakazika paka wawili waliokuwa wakiwavizia. Mashine ya kurusha maji hatukuwa nayo, vidonge vya ng'ambo hatukuwa navyo. Walikula ukoko, ugali, ganda la papai, kisamvu kilicholala, na sikukuu moja walikula pilau kwa sababu mama alisema siku hiyo kila mtu ale pilau. Mwaka mmoja shangazi alifulia pembeni ya birika, povu likaingia ndani, tukasema leo wamekwisha. Wakakaa na midomo juu siku mbili kisha wakaendelea na safari yao ya kwenda na kurudi. Mama alipolazwa wiki mbili kwa homa ya mapafu hakuna aliyewakumbuka. Alirudi akakuta maji yamekuwa mazito na ya kijani, kisamvu kabisa, nao wamo. Alikaa kwenye ukingo wa birika akawaomba msamaha kwanza, ndipo akaingia ndani kuvua baibui.

Alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Kila alfajiri akishasali, alichukua kata ya kifuu, akachota maji humohumo birikani, akayamimina kutoka juu, mkono umenyooka, ili yapige kelele na kutoa mapovu. Alifanya hivyo mpaka mkono uchoke. Nilipomuuliza zamani faida yake nini, alisema wanataka pumzi. Na jambo la pili: hakuwatilia maji ya bomba moja kwa moja hata siku moja. Aliyakinga kwenye ndoo, akayafunika kwa ungo, akayaacha siku mbili. Alikuwa akisema maji ya bomba yana ukali wa dawa, lazima yalale kwanza. Nyumba nzima ilijua kwamba ndoo zenye ungo haziguswi. Hata wageni walikuwa wakionywa mlangoni.

Mwalimu wa darasa la mahujaji ndiye aliyeanzisha yote. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba anayekwenda kuhiji huenda asirudi, kwa hiyo asiondoke na haki ya mtu. Arudishe amana zote na aombe radhi kwa kila aliyeishi naye. Wenzake mama walirudi makwao wakawa wanawaza masufuria ya jirani na vito vya dada zao. Mama akawawaza samaki. Mama bosi hakurudi kuwachukua wala hakusema amewaacha, na nambari ya simu aliyoachiwa kwenye kikaratasi ilikuwa haipatikani tangu miaka mingi. Kwa hesabu ya mama, samaki bado walikuwa wa mwenyewe.

Nilimwambia tuwapeleke kwenye hoteli. Nilimwambia mjomba anaweza kuwatia kwenye bwawa la mtu huko Pangani. Mwishowe, kwa ujinga wa hasira, nilimwambia tuwakaange. Alimaliza kukuna nazi yake, akasimama, akapapasa ukuta akaenda jikoni. Macho yake yana ukungu. Jicho moja limeshapasuliwa bila nafuu kubwa, la pili linangoja zamu yake. Anaona rangi ya kanga ya mtu lakini uso haupati vizuri. Nikamwona anavyokwenda kwa kugusagusa, nikajua hatabadilika. Nikisema nimfunge kamba nimpeleke Makka, atarudi na kamba yake.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Kigombe kumtafuta yule dereva wa zamani. Nilikuwa nimesikia alistaafu akarudi kwao. Nilimkuta kibarazani kwake anashona kiatu. Nilimpa shikamoo, akaniuliza mimi ni wa nani, nikasema ni yule kitindamimba wa mpishi wa Raskazone, naye akacheka akauliza kama bado nakimbiakimbia. Nambari ya mama bosi hakuwa nayo. Alikuwa na ya binti wa yule mama, ambaye kila Idi humtumia salamu. Nilipomweleza kwamba samaki bado wako hai aliweka sindano chini. Alisema mashine ya lile bwawa ilipozimika siku moja tu pale Raskazone, samaki kumi walielea. Akataka nirudie tena habari ya pilau.

Nilimwandikia yule binti nikiwa bado juu ya bodaboda. Kisha nikaanza kungoja, na kungoja ndicho kitu kimoja ambacho Mungu hakunipa. Nilikuwa nafungua simu kabla ya kunawa uso. Ujumbe ulikuwa umefika, ulikuwa umesomwa, jibu hakuna. Siku ya tatu nikafunga mizigo ya mama yote ingawa alikuwa amesema haendi. Siku ya nne nikaifungua nikaifunga upya. Nilikuwa nazunguka uani, birika liko katikati, simu mkononi, mpaka mama akaniuliza, "Wewe ndiye unayekwenda kutufu, kuizunguka Kaaba, au mimi?"

Jibu lilikuja siku ya sita. Binti aliandika kwamba ameshindwa kuamini, kwamba mama yake atashangaa, na kwamba watapiga simu ya video keshokutwa saa kumi jioni ili mama yake awaone samaki kwa macho yake. Nilimsomea mama ujumbe ule mara mbili. Alishika kifua. Akasema keshokutwa atamwomba radhi, atamuuliza awapeleke wapi, na baada ya hapo atakuwa mwepesi. Usiku ule alipika samaki wa kupaka, wa baharini, nikamtania kwamba anawatisha wenzao wa birikani. Alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu nifike.

Siku iliyofuata mama alikwenda darasani kwake asubuhi. Walikuwa wanafundishwa jinsi ya kutupa vijiwe, angerudi baada ya alasiri. Nikabaki peke yangu na birika. Nikalitazama kwa jicho la yule mama wa ng'ambo atakavyolitazama kwenye simu. Maji ya kijani. Ute ukutani. Tope chini, na ganda la papai linaelea. Mtu aliyezoea bwawa la mawe ataona mali yake imelala humu miaka yote hii, atasema nini juu ya mama yangu? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu mgeni akitajwa tu ufagio haukai chini. Mgeni wa kwenye simu naye ni mgeni. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu lazima nifanye kitu kwa mikono.

Nilijua habari ya maji kulala. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu kwa siku nyingi nilijidanganya kwamba nilisahau. Sikusahau. Simu ilikuwa kesho saa kumi, maji yalitaka siku mbili, na mimi sikutaka kungoja. Tena nilijiambia kwamba samaki walioshinda sabuni, njaa na tope la miaka hawawezi kushindwa na maji safi.

Niliwahamishia kwenye beseni la kufulia na ndoo kubwa. Nikazibua birika, nikasukuma tope lote mferejini, nikasugua kuta kwa mchanga na brashi mpaka saruji ikarudi rangi yake. Nikatia mpira wa bomba nikalijaza. Adhuhuri samaki walikuwa ndani ya maji ambayo unaweza kuhesabu nyufa za sakafu yake. Kwa mara ya kwanza nikaona jinsi walivyo wazuri. Yule mweupe, doa lake utosini lilikuwa jekundu la kweli, kumbe miaka yote nilikuwa nikiliona kama kutu. Nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu. Walinisifu.

Baada ya kama nusu saa mwekundu akaanza kujisugua ukutani kwa nguvu. Wa manjano alipanda juu akawa anafungua mdomo na kufunga. Nilidhani wamefurahi. Mweupe akazunguka mara moja, akakosea kona, akagonga ukuta. Kisha akalala ubavu. Matamvua yake yalikuwa yanapanda na kushuka, ndani mekundu sana, na ute ulikuwa unamtoka mwilini kwa nyuzi.

Nilikimbia. Jirani wa nyumba ya pili ana kisima cha maji ya chumvichumvi. Sikuomba hata ruhusa, nilichota. Nilizibua birika maji nusu yatoke, nikabeba ndoo mbili mbili, sijui safari ngapi, kiatu kimoja kikakatika nikaendelea na kimoja. Zile ndoo za mama zenye ungo nazo nikamwaga humo. Nilichukua kata nikawa namimina kutoka juu kama alivyokuwa akifanya yeye, mkono ukachoka nikabadilisha mkono, nikawa nasema hebu jamani, hebu jamani, kama naongea na watu. Mwekundu na wa manjano walisimama katikati ya mapovu na kubaki hapo. Mweupe hakurudi. Alipoacha kupumua nilimshika tumboni kumsimamisha, akaanguka upande wa pili.

Nilimzika nyuma ya jiko, karibu na mpapai. Nililia, na sikumlilia samaki. Nilimlilia mama, aliyeweka mali ya mtu zaidi ya miaka kumi bila kupoteza hata moja, na mimi nimempotezea moja kwa mchana mmoja, siku moja kabla ya kuikabidhi.

Aliporudi alisimama mlangoni mwa ua akanusa. Akasema pananukia saruji. Nikamwambia nimesafisha birika kwa ajili ya simu ya kesho, na sauti yangu ilitoka nzuri kabisa. Akavua viatu, akaomba ugali wa mchana. Alikuwa na namna yake ya kuwalisha: hubandika ugali kwenye vidole vitatu, akavichovya majini akangoja. Kila samaki alikuwa na kidole chake. Mwekundu huvamia cha kwanza, karibu amng'ate. Wa manjano huchukua cha kati taratibu. Cha tatu kilikuwa cha mweupe, ambaye huonja, akarudi nyuma, akaja tena.

Siku hiyo mwekundu alikuja. Wa manjano alichelewa, akaja. Mama akabaki na kidole cha tatu majini.

"Huyu mwingine yuko wapi?"

"Kajibanza chini, mama. Ameshtuka na usafi."

Hakutoa mkono. Aliuacha majini mpaka ugali ukalainika ukatoka wenyewe. Adhana ya magharibi ikaanza, ndipo akajifuta kwa ukingo wa kanga. "Haya," akasema. "Umefanya kazi kubwa." Akaenda kutawadha, na mimi nikasimama palepale na brashi mkononi, nikijiambia kwamba ajali haina kinga na kwamba nitamweleza baada ya simu.

Simu ikaja saa kumi na dakika chache. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na amekaa kigodani kando ya birika tangu saa tisa. Yule mama wa ng'ambo alitokea kwenye kioo, amezeeka, nywele nyeupe, amevaa sweta. Walisalimiana mpaka nikachoka kushika simu. Waliulizana wazima na wafu. Kisha akasema nimwonyeshe, nikageuza simu juu ya maji. Ile rangi ya kisima ilikuwa imetulia, samaki walionekana vizuri wakipita, mwekundu mbele, wa manjano nyuma.

"Jamani, hao wawili wangu," akasema. "Bado wapo wote wawili. Mimi nilijua walikufa mwaka uleule."

Wote wawili. Hakumbuki. Mwenye mali hajui hata idadi ya mali yake. Hakuna anayejua ila mimi na mama, na mama haoni. Nilishukuru Mungu, ndiyo, nilishukuru, nikawa nageuza simu haraka nimrudishie mama sura ili wamalize.

"Walikuwa watatu, mama," mama yangu akasema.

Kule kwenye simu yule mama akasogeza uso karibu na kioo.

"Walikuwa watatu. Mmoja, mweupe mwenye doa, amekufa jana. Amekufa mikononi mwangu. Nakuomba uniwie radhi."

Yule mama alianza kucheka, akaona si jambo la kucheka, akaanza kufuta macho. Alisema samaki tu, mama, samaki tu. Alisema siku ile ya kuondoka alimwomba vile kwa sababu alikuwa analia na hakujua aseme nini, wala hakutegemea mtu awatunze. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza tena, polepole, kama ameshamwia radhi. Alimuuliza mara tatu. Mara ya tatu yule mama akasema amemwia radhi duniani na akhera, na hao waliobaki ni wake, amempa kwa moyo mmoja. Mama akasema alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

Nilitegemea baada ya simu atanigeukia. Hakunigeukia. Aliniambia niwashe jiko la mkaa. Siku zote zilizofuata aliongea nami vizuri, alinitania, aliniuliza kama nimekula. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu ilikuwa imeishia palepale kwenye ukingo wa birika, ila sikuwa na pa kurudia. Nilikuwa naamka nalo nalala nalo. Nilijitafutia safari: mara Ngamiani kununua kandambili za mama, mara kurudisha kandambili kwa sababu kubwa, mara stendi kuuliza magari. Nilipokuwa nje nilitaka nirudi nimwambie. Nikirudi nikamkuta kigodani, nilikumbuka jambo jingine la kwenda kununua. Na yeye hakuniita.

Siku ya kuondoka nyumba ilijaa. Majirani walikuja, akina shangazi walikuja, mjomba alikuja na kanzu yake moja ameshaivaa. Mama alipita kwa kila mtu. Alimshika mkono, akamwomba amwie radhi kwa lolote, na kila mmoja akamjibu na kumwomba na yeye. Wengine walilia, wengine walitania. Jirani mwenye kisima alisema amemwia radhi yote isipokuwa ungo wake mmoja, watu wakacheka. Mimi nilikuwa napakia mizigo garini, na kupakua, na kupanga upya. Dereva aliniomba niache.

Mama alinikuta uani. Alikuwa amekuja peke yake, anapapasa ukuta. Akakaa kwenye ukingo wa birika.

"Na wewe mwanangu, niwie radhi. Nilikulea kwa ukali. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakufungia mlango usitoroke."

"Nimekuwia, mama."

Akangoja. Mbele ya nyumba walikuwa wameanza dua, sauti za wanaume zikitamka amina. Nilijua kikiisha kile kisomo anaondoka, na kule anakokwenda wako wanaobaki. Nikapiga magoti pale kwenye saruji yenye maji. Nilimwambia kwamba mweupe nilimuua mimi, kwamba nilitia maji ya bomba yasiyolala hali nikijua, na kwamba nilimzika nyuma ya jiko nikamwambia amejibanza.

"Najua," akasema. "Kidole chake kilibaki."

"Mbona ulisema amekufa mikononi mwako?"

"Amana ilikuwa kwangu. Haikuwa kwako."

Nilimuuliza basi kwa nini hakunisema, kwa nini aliniacha siku zote zile. Alinipapasa uso mpaka akapata shavu.

"Ningekusema, ningekuwa nimekukamata. Nilitaka uje mwenyewe. Nilikuwa naogopa gari litapiga honi hujaja, niende nimekuacha na uwongo ndani ya nyumba." Mkono akauacha shavuni. "Nimekuwia radhi."

Kisha akainama, akapapasa chini ya kigoda, akachukua kata ya kifuu akanipa. Alisema kwa mwenyewe ameshatoka deni, hawa wawili sasa ni mali yake, na yeye ananiachia mimi amana mpaka arudi. Nikamwambia likizo yangu inaisha Jumatatu. Akasema anajua. Nikamwambia kazi hii ya sasa ndiyo niliyoipenda kidogo. Akasema hilo nalo analijua, na kwamba akirudi atawahesabu kwa vidole. Honi ikapigwa. Mjomba akaja kumchukua kwa mkono.

Vumbi la gari lilipotulia watu wakatawanyika, sufuria zikaoshwa, nyumba ikabaki na mimi. Nilimpigia bosi wangu, akasema maneno ambayo nilistahili, nikamjibu kwamba siwezi kuja mwezi huu. Nilikinga ndoo mbili bombani nikazifunika ungo. Nilimimina maji kwa kata mpaka mkono ukakataa. Halafu nikabandika ugali vidoleni, vitatu, kwa mazoea ya kumwona yeye, nikachovya. Mwekundu akanivamia. Wa manjano akachukua wake akaenda. Sikutoa mkono. Nilikaa pale ukingoni, nimetulia, mpaka ugali wa kidole cha tatu ukayeyuka.